Kamusi ya simu ya herufi za Kichina, baada ya kuletewa "supu ya wanaume" (nyota 4)

Wadau, hii ni ile kamusi ya herufi za Kichina ya kulipia, ya kwenye simu, nimekaa nayo miezi 7 hivi naona sasa naweza kuisemea. Jina siweki hapa nisije nikaonekana nimelipwa, anayeitaka anifuate inboksi.

Nianze na kilichonifanya niinunue maana ndio review yenyewe. Mzigo wangu nachukua Guangzhou, na pale Xiaobei, mtaa wa huko wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, ukikaa siku tatu lazima ujue herufi mbili tatu za kukulisha, ya kwangu ya kwanza ilikuwa 汤, tang, supu. Watu wa Guangdong, jimbo lenye hiyo Guangzhou, kwa supu wametuzidi hata sisi, chungu kinakaa kwenye moto mdogo masaa mawili matatu kina mifupa na mizizi na sijui nini na nini, na mtu anainywa kabla hata hajagusa wali. Mimi bila supu na chapati asubuhi siku haijaanza, kwahiyo ile herufi niliishika kama namba ya simu ya mama.

Basi mwaka jana nikaenda Japani kucheki magari, Yokohama huko. Jioni moja baridi imeniingia mpaka kwenye magoti, naona pazia mlangoni limeandikwa 湯, nyuma kuna bomba refu la moshi, mtu anatoka uso umemuiva anajifuta jasho. Herufi ilikuwa na mistari mingi kuliko ile yangu ya Guangzhou nikasita, nikatoa programu ya bure ya kutafsiri kwa kamera, ikasema supu. Safi. Nikaingia, nikavua viatu maana wote wanavua, ndani kuna mapazia mawili, nikapiga kamera la kwanza, 男湯, ikaniandikia "supu ya wanaume". Aisee mtu wa pwani nikacheka peke yangu, nikajua wenzetu nao wana yao ya pweza. Nikampa bibi wa kaunta yen 500 na kitu, nikamuonyesha kwa mkono mtu anayekunywa na kijiko, akaniangalia, akanipa taulo.

Lilikuwa bafu. Bafu la mtaa, sentō wanaita, na wazee sita wako uchi kwenye maji ya moto wananitazama mimi na koti langu.

Usiku uleule nikalipia hii kamusi, kama elfu 25 ya kwetu. Ukiandika 湯 inakufungulia ukurasa mmoja wenye safu za lugha, Kichina, Kikantoni, Kijapani, Kikorea na Kivietinamu, halafu chini inakuwekea maana ya kale. Hapo ndio nikagundua kwamba kama kuna mtu aliyehama sio Mjapani. Hii herufi mwanzo wake ni maji ya moto, basi, Xu Shen, msomi wa Uchina ya kale aliyeandika kamusi yake karibu mwaka 100, kaieleza hivyohivyo. Wachina wenyewe ndio wakaja kuihamishia kwenye supu na maji ya moto wakayapa majina mengine, leo ukitaka maji yaliyochemka unaomba kaishui. Wajapani waliichukua zamani ikiwa bado na maana yake ya kale wakaibandika kwenye neno lao wenyewe, yu, ndio maana halifanani kabisa na tang. Sauti ya Kichina nayo wanayo ila kwao imekuwa tō, ndio hiyo ya kwenye sentō, sen ni sarafu na tō ni maji ya moto, yaani maji ya moto ya kulipia. Pale kaunta nililipa kabisa na bado sikushtuka.

Na Uchina maana ya kale haijafa, imejificha kwenye misemo. Mtu akikuambia kwa ajili yako ataingia kwenye tang na kukanyaga moto, hakuahidi kuogelea kwenye supu. Mifano ya aina hii kamusi inayo mingi na inakuandikia kila kipande kinatamkwaje, hapo nawapa tano.

Kitu kingine nilichokipenda ni jinsi inavyoipasua herufi. Kushoto matone matatu, hayo ni maji. Kulia kuna kipande ambacho hapa kazi yake ni kubeba sauti tu, Uchina bara walikifupisha miaka ya 1950 ndio ikatoka 汤 yangu ya Xiaobei. Ukikigusa inakuletea ndugu zake wote, 場 uwanja, 陽 jua, 腸 utumbo. Utumbo! Nikasema haya, kumbe na supu ya utumbo imo humuhumu, lakini hapana, wanagawana sauti tu, tang na chang, nyama haihusiki.

Korea ndio kiboko. Nilipita Incheon siku mbili kutafuta spea za malori, kule tang ni supu na tang ni bafu, vyote viwili hawajaacha hata kimoja. Asubuhi nimekula seolleongtang, mifupa ya ng'ombe inachemshwa mpaka mchuzi unakuwa mweupe kama maziwa, unajitilia chumvi mwenyewe, nikaona kama niko nyumbani isipokuwa chapati. Jioni nikapita kwenye mogyoktang, bafu. Shida ni kwamba Wakorea siku hizi wanaandika kwa alfabeti yao, kwahiyo kamera ya kamusi ukiielekeza kwenye kibao inakaa kimya, lazima uandike 탕 kwa mkono ndio ikupeleke kwenye herufi ya Kichina iliyo nyuma yake. Bila kujua hilo utadhani haina Kikorea kabisa.

Maana ya tatu nimeikuta kwenye duka la dawa. Mafua yalinikamata Japani, muuzaji akanipa boksi la kakkontō, 葛根湯, ile ya mwisho si ni 湯 tena! Kumbe tangu Uchina ya zamani dawa ya mitishamba iliyochemshwa nayo inaitwa hivyo, na Vietnam neno lao thang limebaki hukohuko kwenye dawa. Ndani ya boksi hakuna maji hata tone, ni vipakiti vya chenga, unasukumia na maji ya vuguvugu.

Mtihani nilioiwekea kamusi ni 白湯, herufi mbili tu, nyeupe na hiyo yetu. Kwa Mjapani ikisomwa sayu ni maji matupu yaliyochemshwa, ikisomwa paitan kwenye duka la rameni, zile tambi za supu, ni mchuzi mzito wa mifupa. Ya bure ilinipa "supu nyeupe" kote, hii ikatoa zote mbili na ikaeleza ipi utaikuta wapi. Pesa yangu ikarudi siku hiyo.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hizi. Maelezo yote ni Kiingereza. Sauti ya Kikorea haipo, Kivietinamu wamekigusia tu mstari mmoja mmoja. Kamera inachanganyikiwa na maandishi ya brashi, na mapazia ya Wajapani mengi ni ya brashi. Halafu nilipobadilisha simu ikanidai nilipe upya, nimewaandikia mara mbili, wiki ya tatu hii kimya.

Yule bibi nilimrudia kesho yake, nikiwa na taulo langu na sabuni. Nikamuonyesha tena kwa mkono mtu anayekunywa na kijiko, akacheka mpaka akashika kaunta.