Mabwawa ya chumvi ya Camargue: ardhi iliyonunuliwa, kisha ikaachiwa bahari

Conservatoire du littoral, taasisi ya umma ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1975 ili kununua ardhi ya pwani na kuihifadhi, ilianza mwaka 2008 kununua kutoka kwa kampuni ya chumvi takriban hekta 6,500 za mabwawa karibu na Salin-de-Giraud, katika Camargue, yaani delta ya mto Rhône kusini mwa Ufaransa. Kama huduma inayogharimiwa na umma, naipa alama za juu, kwa kuwa ardhi ikishaingia mikononi mwake kwa kawaida haiuzwi tena, na mjenzi wa hoteli hana mlango wa kubisha.

Kinachovutia zaidi ni namna ya urejeshaji: badala ya kuendelea kukarabati matuta ya mbele ya kuzuia bahari, yaliyokuwa yakiliwa na mawimbi, wasimamizi waliyaacha yabomoke, maji yakarudi kuingia na kutoka yenyewe, na mimea inayostahimili chumvi ikaanza kuota upya. Ubishi nao upo hapohapo. Salin-de-Giraud, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya chumvi, hakiwezi kufurahia tuta kuachwa, na hofu ya wakazi wake si ya kupuuzwa. Hata heroe, waliozoea kuzaliana kwenye kisiwa kilichotengenezwa na watu katika bwawa la Fangassier, walihama baada ya pampu za maji za kampuni ya chumvi kusimama.

Mgeni atembee kwa miguu au baiskeli, abebe maji na darubini, na aepuke kiangazi, kwani kivuli ni haba na mbu hawana huruma.