Mji Mkongwe unakula kwa saa: uchambuzi wetu wa vyakula vya Unguja mjini

Asalaam aleikum watazamaji, karibuni tena. Leo tuko Mji Mkongwe, Unguja, na tunachochambua ni chakula chenyewe, cha mitaani na cha mkahawani. Tutakwenda kwa saa, tangu asubuhi hadi usiku, maana mji huu ndivyo unavyokula. Kitumbua cha saa moja asubuhi na kitumbua hicho hicho saa tano ni vitu viwili. Urojo, ule mchuzi wa manjano wenye mbatata na badia, ukiutafuta saa mbili asubuhi utachekwa. Mgeni anayeondoka akisema chakula cha Zanzibar cha kawaida tu, mara nyingi alifika penye sufuria nzuri, lakini kwa saa mbaya.

Haya, asubuhi. Nenda upande wa Darajani kabla ya saa mbili, tafuta mpishi ambaye kikaango bado kiko motoni. Kitumbua ni mchele ulioroweka usiku kucha, ukasagwa na tui la nazi, hamira na iliki. Kibonyeze kidogo: kikirudi juu, hamira imefanya kazi yake. Kikibaki na shimo, unga haukupewa muda wa kuumuka. Kipasue; ndani uone vitundu vitundu. Ukingo ukiwa umekauka na katikati kunanata, moto ulikuwa mkali mno, nje kikaungua kabla mchele haujaiva ndani.

Ukichukua mbaazi au maharage ya nazi, tazama mchuzi kabla hujaambiwa bei. Tui likiwa limeshikana na mbaazi, sawa. Ukiona maji yamejitenga na chembe nyeupe zinaelea, tui limekatika: tui zito limetiwa mapema, likachemshwa kwa moto mkubwa bila kukorogwa. Hakidhuru mtu, ila ladha imeshapungua. Na chai ya maziwa agiza yenye tangawizi, usione haya kusema sukari kidogo, kwa sababu ukinyamaza utaletewa shira.

Saa sita na nusu mchana, mkahawa wa Lukmaan, Mkunazini. Hapana kupotea: tafuta mbuyu mkubwa, si mbali na kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Vyakula vimepangwa mbele yako kwenye vyombo, unaonyesha unachotaka, unapakuliwa. Kosa la wengi ni kusimama mbele ya chombo cha kwanza na kujaza sahani hapo hapo. Pita pole mpaka mwisho, ndipo urudi uagize. Mwambie anayepakua akutilie mchuzi kwenye bakuli la pembeni; ukimwagiwa juu ya wali, kila kilichomo sahanini kitakuwa na ladha moja.

Pale ushauri wetu ni pweza wa nazi au samaki wa nazi, pamoja na juisi ya ukwaju. Biriani pia, ila kwa sharti la saa. Biriani ya huku hupikwa wali mbali na masala mbali, vinakutana kwenye sahani. Wali ukikaa sana chini ya mfuniko unatoa jasho, punje zinashikana, rangi inaingia hata kwenye punje zilizotakiwa zibaki nyeupe. Masala kwa upande wake yanazidi kuwa matamu kadiri yanavyokaa, kwa hiyo anayechelewa hupata masala mazuri juu ya wali uliochoka. Kwa mchelewaji, bora wali mweupe na mchuzi. Siku ya Ijumaa usiende mara tu watu wanapotoka msikitini, labda kama unapenda kula umesimama. Pombe hakuna, usiulize.

Sasa tuje kwenye urojo, na hapa tutakaa kidogo, maana ndicho chakula kinachonenwa sana na kuharibiwa sana. Saa yake ni kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi. Utaukuta Darajani, Vuga, na jioni Forodhani. Wageni wanauita mix. Ukisema urojo unaeleweka zaidi, na pengine unapata kijiko cha ziada.

Tazama hapa kwenye bakuli. Chini kuna mbatata za kuchemsha zilizokatwa, badia (yaani bajia), kachori, na vipande vya mishkaki. Juu kuna chipsi nyembamba za muhogo, chatne ya nazi, pilipili, na ukitaka, yai la kuchemsha. Kinachobeba vyote hivyo ni ule mchuzi wa manjano, ndio urojo wenyewe. Kwa lita moja ya maji, vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ngano vinatosha, nusu kijiko cha chai cha manjano, chumvi, embe bichi lililokunwa, na ndimu mwishoni. Unga unavurugwa kwanza kwa maji baridi. Ukitiwa mkavu kwenye maji ya moto unafunga madonge, na madonge hayo hayatoki hata ukikoroga mpaka Idi. Kisha uchemke taratibu kama dakika 20, kwa sababu unga wa ngano usioiva unaacha ladha ya gundi kooni.

Namna ya kuupima ukiwa mezani: inua kijiko, uache uteremke. Ukiteremka kama maji, mpishi ameongeza maji kwa kuwa wateja wamekuwa wengi. Ukining'inia kama uji wa mtoto, umekaa motoni muda mrefu. Unaotakiwa unashika mgongo wa kijiko kwa utando mwepesi, basi. Uchachu wake utoke kwenye embe kwanza, ndimu ije nyuma. Msimu wa embe ukipita wengine huegemea ndimu peke yake, na hapo unapata ukali wa mbele usio na kitu nyuma yake. Siki isitiwe kabisa, hata kidogo.

Mambo matatu ya kumwambia muuzaji kabla hajaanza kuchota: badia zitoke kwenye mafuta sasa hivi, pilipili iwekwe pembeni, chipsi za muhogo ziwe za mwisho kabisa. Hizo chipsi zikitangulia chini ya mchuzi, kwa dakika mbili tu zimelowa, umepoteza kitu pekee kinacholia mdomoni. Kula papo hapo. Urojo wa kubeba nyumbani kwenye mfuko hatuupi alama yoyote.

Jua likizama, Forodhani. Bustani iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, baharini kabisa. Ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan Trust for Culture. Meza zinapangwa, taa zinawashwa, wapishi wanaanza kukuita kwa lugha sita. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi sikilizeni vizuri.

Mishikaki mingi ya samaki unayoiona mezani imeshaivishwa kiasi. Jikoni inapashwa tu. Hilo peke yake si tatizo. Tatizo ni kipande kilichopashwa jana, kikalala, kikapashwa tena leo. Kijue hivi: ukingo umejikunja na kuwa mgumu, rangi imefifia, na viungo vimepakwa vingi kuliko inavyohitajika. Kamba wakubwa na kamba mti ndio tunaowaogopa zaidi, kwa vile bei yao ni kubwa, hawauziki haraka, na muuzaji hataki kuwatupa. Nenda kwa pweza. Yeye anachemshwa hadi alainike ndipo aguswe na mkaa, anauzika sana, kwa hiyo hakai mezani mpaka kesho. Akikuvuta meno kama mpira, amekaa motoni mara ya pili na maji yake yamekwisha. Jodari achomwe muda mfupi tu. Akipita hapo anakuwa makapi.

Bei iulize kwa kila mshikaki, kabla haujatiwa motoni, na mkate na kachumbari uulize pia kama vimo ndani ya bei hiyo. Ukisema "nichanganyie tu", umesaini karatasi tupu.

Ile wanayoiita Zanzibar pizza haihusiani na Italia. Ni binamu wa chapati. Donge la unga lililolazwa kwenye mafuta linanyooshwa jembamba, linatiwa nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, yai na mayonezi, linakunjwa pembe nne, linawekwa kwenye chuma. Mwambie apunguze moto na ageuze mara mbili. Moto ukizidi, nje kunapata rangi na ndani yai bado linatiririka. Na usikubali ajaze sana hata akikuonea huruma. Ikijaa inapasuka, nyama inakaangikia nje. Ya ndizi na chokoleti watoto wataipenda, sisi tunaipita.

Juisi ya miwa nunua inayokamuliwa mbele yako, muwa ukikunjwa pamoja na ndimu na tangawizi. Ikikaa kidogo tu inageuka rangi na kupoteza utamu wake safi. Tumbo jepesi liombe isiyo na barafu.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii yote inapinduka: mchana mikahawa mingi imefungwa, na kula barabarani ni kuwakosea watu adabu. Subiri magharibi, ndipo mji unapofungua sufuria.

Tumalizie Jaws Corner, Sokomuhogo, barazani. Kahawa chungu kutoka kwenye dele, birika la kahawa lenye mkaa chini yake, kwenye vikombe vidogo, bila sukari. Utamu unatoka kwenye kashata au kipande cha halua unachouma kabla ya kupiga funda. Kikombe usikinywe mpaka mwisho, chini kuna unga wa kahawa. Na chenji ndogo uwe nayo mkononi, kwa sababu muuzaji wa kahawa hatavunja noti ya elfu kumi kwa kikombe kimoja.