Nilienda na kidonda sehemu za siri, zahanati moja maeneo ya Nyakato, Mwanza: dokta safi, mapokezi hapana

Jina la zahanati siliandiki, nikilitaja tu majirani watajua nani alikwenda kuvua suruali, ila mtu wa maeneo ya Buzuruga akiniuliza pembeni nitamwelekeza. Naandika kwa ajili ya yule aliyeamka asubuhi akakuta kidonda huko chini na hajui kimetoka wapi, usingizi hapati, ameshajihesabia ngoma kichwani kabla hata hajapima.

Changu kilitokea kwenye kichwa cha uume, duara kama sarafu, chekundu kinaelekea zambarau, kinawasha na kuwaka moto, kesho yake ngozi ikachubuka kikawa kidonda kabisa. Mama watoto akakiona kabla sijajua nasemaje. "Baba Kulwa, hiki umekitoa wapi?" Jibu sina. Akahamia kulala na watoto siku hiyohiyo.

Kabla ya zahanati nilipita duka moja la dawa, kijana wa pale hakuuliza kinauma au hakiumi, hakuuliza kimeanza lini, akanipangia mezani sipro, flajili, tyubu ya kupaka na sindano ya gono juu, "wote wanatumia hii kaka, siku tatu umesahau". Nikamwambia nakuja, sikurudi. Alafu kuna wale jamaa wa kipaza sauti wenye mashine ya kushika chuma eti inasoma mwili mzima, nayo ikanisomea UTI sugu, nguvu za kiume zimepungua na mafuta kwenye ini, vyote kwa mpigo, na dawa zake laki na kitu. Siku hizi Mwanza UTI sugu wanapewa hadi waliokwenda na jino.

Sasa zahanati. Mapokezi nawapa sifuri. Dada wa pale ameweka kompyuta nyuma ya kioo chenye kitundu kidogo kwahiyo ili akusikie lazima upaze sauti, na benchi la wagonjwa liko mgongoni kwako, kina mama na watoto wa kliniki wamejaa. "Unasumbuliwa na nini kaka?" Nikasema nitaongea na dokta. "Lazima niandike tatizo." Nikasema andika ngozi. Akaandika ngozi. Mjifunze hapo, sema ngozi, hawana haki ya kukutangaza.

Dokta ni mtu mzima kidogo, anaongea taratibu na lafudhi yake ya Kisukuma, na hakuna sehemu alionyesha kunishangaa. Akafunga mlango kwa komeo, akavuta pazia, akavaa glovu, akawasha tochi, akaangalia kweli yaani sio kutupia jicho. Akabonyeza pembeni ya kidonda kuona kama pagumu, akapapasa kinenani kutafuta mitoki. Maswali sasa, kilianza na vimalengelenge vingi vidogo au kimoja? Kinauma? Nina mtu mwingine nje ya ndoa? Hilo la mwisho aliuliza kama anavyouliza umri, nikamjibu ukweli kuwa hapana. Akauliza na swali ambalo mimi sikulitegemea kabisa: "Kimeshawahi kutokea hapohapo? Na kabla hakijatokea ulikunywa dawa gani?"

Nikakumbuka. Tumbo lilichafuka nikanywa septrini jioni, asubuhi ndo nikaamka na moto. Na mwaka jana msibani Sengerema nilikunywa hizohizo, pakawasha palepale, pakapona, pakabaki doa jeusi ambalo sikulitilia maanani. Dokta akacheka kidogo akasema hao anawapata mara kwa mara, ni mzio wa dawa. Dawa za salfa ndo zinaongoza, yaani septrini na zile za malaria za zamani kama Fansidar na Metakelfin, ila hata tetrasaiklini na baadhi ya dawa za maumivu zinaweza. Kila ukirudia dawa kidonda kinarudi sehemu ileile, na kwa wanaume kichwa cha uume ni moja ya sehemu kinazopenda. Ndoa ngapi zimevunjika kwa septrini hatutajua.

Kilichonifanya nimwamini ni kwamba hakuishia hapo. Alisema kwa macho peke yake mtu anaweza kudanganyika, kwahiyo akanipima kaswende na VVU, damu ya kidole tu, majibu hayakuchukua muda, vyote hasi. Na akasema kipimo cha mapema kinaweza kukosa kitu kilichoingia juzi, kwahiyo kama kuna mahali mtu ameteleza hivi karibuni arudi kupima tena, VVU baada ya miezi mitatu. Kidonda cha kaswende mara nyingi ni kimoja, hakiumi, na kinapona chenyewe baada ya wiki kadhaa hata usipotibu, mtu anafurahi kumbe ugonjwa umehamia kwenye damu, na tiba yake ni sindano ya penisilini ya matakoni, sio sipro ya dukani. Malengelenge ya sehemu za siri yanakuja mengi madogo yanauma, yanapasuka, yanaondoka alafu yanaweza kurudi, kirusi hakitoki mwilini ila kuna dawa ya kuyatuliza. Pangusa, ugonjwa mwingine wa zinaa wa vidonda, nayo inauma na inaweza kukuletea mitoki ya kutunga usaha. Na kidonda chochote huko chini kinamrahisishia kazi VVU.

Hapo akanichomekea kitu sikuwa nakijua. Anasema mkoa wetu huu huu wa Mwanza, kwenye vijiji, kuanzia 1991 watafiti waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida, dawa zikawepo, wahudumu wakafundishwa, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa kama asilimia 40 ukilinganisha na vijiji vingine, majibu yakachapishwa 1995 na dunia nzima ikayasoma. Mi nimezaliwa hapa nimekulia hapa sijawahi kusikia.

Dawa alizoandika zikawa kidogo mpaka nikahisi nimepunjwa, krimu ya kupaka na maelekezo ya kuosha kwa maji safi, basi. Alafu juu ya jalada la daftari langu la matibabu akaandika kwa kalamu nyekundu herufi kubwa MZIO WA SALFA, akapiga mistari miwili chini yake, akasema kila nitakapoenda kutibiwa nilionyeshe. Akanionya kuwa siku nikiona midomo na macho navyo vinachubuka au ngozi inatoka malengelenge mwili mzima baada ya dawa, hiyo ni dharura, nikimbie hospitali ya Bugando au Sekou Toure usiku huohuo nisisubiri kupambazuke.

Mama watoto alikuja kesho yake, dokta akamsikiliza peke yake, akampima pia. Waliongea nini sijui, ila amerudi chumbani, masharti yapo.

Nyota nne, ya tano imeliwa na lile dirisha la mapokezi. Kumuona dokta elfu kumi, vipimo viwili nililipa elfu kumi na mbili, na kama mfuko umekaza kipimo cha VVU hospitali za serikali ni bure. Nenda mapema, huyu dokta ninayemsema yupo asubuhi tu, mchana anaingia mwingine ambaye simjui. Na beba keshi, lipa namba yao inasumbua.