Waya wa Akiba wa Chaja ya Kompyuta Mpakato: Unafaa, Ila Chunguza Shaba Yake

Chaja nyingi za kompyuta mpakato hutupwa zikiwa bado na uhai. Kisanduku chenye kazi ya kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 19 au 20 mara nyingi huwa hakina tatizo. Kilichoharibika ni waya mwembamba unaotoka humo kwenda kwenye kompyuta, nao hupenda kukatikia pale unapotokea kwenye kisanduku au pale unapoingia kwenye kichwa cha chaja, yaani ncha inayochomekwa kwenye kompyuta. Ndiyo maana nimeona inafaa kutathmini bidhaa ambayo wengi hawajui kwamba inauzwa peke yake: waya wa akiba wa takribani mita 1.2, wenye kichwa kilichofungwa kiwandani upande mmoja, na upande wa pili nyaya zilizo wazi, tayari kwa kulehemu.

Niliununua kwa ajili ya chaja ya wati 65, inayotoa volti 19.5 na ampea 3.34, ambayo ilikuwa ikichaji na kukata kila waya ulipopindishwa. Nilipouchana waya wa zamani karibu na kichwa, nyuzi nyingi za shaba zilikuwa zimekatika, na chache zilizosalia zilikuwa zimepiga weusi kwa joto la kubeba mzigo wote.

Kilichonipendeza kuliko yote ni kwamba waya huu una njia ya tatu. Kichwa cha chaja hii kina pini nyembamba katikati, ambayo haipitishi umeme wa kuendeshea kompyuta bali hupeleka utambulisho wa chaja. Utambulisho huo usipofika, kompyuta huwaka na kufanya kazi kama kawaida, lakini hukataa kuchaji betri na wakati mwingine hupunguza kasi yake. Naamini betri zisizo na tatizo zimekwisha kutupwa kwa kasoro hiyo tu, maana mtu akiona haichaji, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Zipo nyaya za akiba zenye njia mbili pekee, chanya na hasi, na kwa kompyuta inayodai utambulisho hazitatui tatizo hata zikiunganishwa kwa ustadi wa hali ya juu.

Lawama yangu kubwa ni kwamba hakuna maelezo yoyote yanayoonyesha ni waya upi wa nini. Rangi si za kutegemewa, kwa kuwa hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo kila waya sharti upimwe kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme, kuanzia kichwani hadi nchani kabla ya kulehemu. Hatua hiyo isirukwe, kwani kugeuza chanya na hasi kunaweza kuunguza sakiti ya kuchajia ndani ya kompyuta, hasara iliyo kubwa kuliko bei ya chaja mpya. Karatasi ndogo yenye mchoro ingetosha kabisa.

Kuhusu unene, ganda la nje lisimdanganye mnunuzi, kwa sababu plastiki nene inaweza kuficha shaba kidogo, na shaba kidogo maana yake ni joto na volti inayopungua njiani. Huu niliununua ukiwa na shaba ya kuridhisha: kompyuta ikifanya kazi nzito huku ikichaji, waya hupata uvuguvugu tu. Mpira unaoukinga pale kwenye kichwa pia ni mrefu na laini, tofauti na ule mgumu uliokuwapo awali.

Asiye fundi asifungue kisanduku, kwa kuwa kapasita za ndani zinaweza kubaki na umeme hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Kama waya wa zamani umeharibikia upande wa kichwa, inatosha kuukata mahali ambapo bado ni mzima, kulehemu huo mpya hapo nje, na kuvisha kila kiungo mrija wa plastiki unaojikaza kwa joto, ambao ni imara kuliko tepu.

Wenye kompyuta zinazochaji kwa USB-C hawana haja ya bidhaa hii, hasa pale kebo inapochomoka pande zote mbili; wao wanunue kebo nyingine, wakihakikisha ni ya ampea 5 ikiwa chaja yao inazidi wati 60. Kwa chaja za kichwa cha duara, ningenunua waya huu tena kabla ya kufikiria chaja nzima ya bei nafuu.