Wiki sita za kujifunza kuteleza mawimbini baada ya kazi: uzoefu wangu

Nilijiandikisha kwenye mafunzo ya jioni kwa sababu moja: kazi yangu inaisha saa 10, na wikendi zangu ni za familia. Tulikuwa tunakutana Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa 11 jioni hadi jua linapokaribia kuzama, kwa wiki 6. Nimemaliza majuzi. Mafunzo nimeyapenda sana, ila kuna jambo moja limenikera na nitalisema.

Kwanza ubao. Nilipokabidhiwa ubao wa sponji wa futi 9 sikufurahi. Nilikuwa nimeangalia mashindano ya Tokyo, yale ya 2021 mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, na mbao za kule zilikuwa fupi, za futi 6 hivi. Mwalimu hakubishana. Alinipa mfupi nijaribu. Nikaulalia, ukazama chini ya kifua changu. Nikapiga kafi kwa mikono mpaka mabega yakawaka moto, na wimbi likapita zake. Niliporudi kwenye ule mkubwa, povu lilinibeba kabla sijapiga kafi ya tatu. Ubao mrefu na mpana unaelea vizuri, unalishika wimbi mapema, na ukikugonga hauumizi kama ule mgumu. Ukiona mahali wanampa mtu wa siku ya kwanza ubao mfupi, tafuta kwingine.

Nusu ya kipindi cha kwanza tulikuwa mchangani. Unalala kifudifudi, viganja usawa wa mbavu, kisha unajisukuma na kuileta miguu yote chini yako kwa mkupuo mmoja, bila kupitia magotini. Kuanguka nako kunafundishwa, na hapo nawapa alama zote: anguka bapa, usitangulize kichwa kwani maji ni haba, na unapoibuka mikono iwe imefunika kichwa, maana ubao umefungwa mguuni kwa kamba na unaweza kukurudia. Walitufundisha pia kuutambua mkondo unaorudi baharini: ule mlia wa maji yaliyotulia katikati ya mawimbi yanayovunjika, ambao mgeni huona ndipo mahali salama. Ukikuchukua, usishindane nao. Ogelea sambamba na ufuo mpaka utoke.

Wanaokaa mbele ya kompyuta kutwa wajue shingo itauma. Kupiga kafi kunataka kifua kiwe juu, na sisi mgongo umezoea kujikunja. Mimi ilinichukua wiki mbili.

Kusimama kulikuja wiki ya tatu. Kabla ya hapo nilikuwa naanguka kwa namna ile ile: nasimama, omo ya ubao, yaani ncha yake ya mbele, inazama, naruka mbele. Jioni hiyo mwalimu alisimama karibu yangu, maji yakimfika kiunoni, ameshika nyuma ya ubao. Akaniambia, "Unaangalia vidole vyako. Muangalie mwenzako aliyekaa pale mchangani." Wimbi lilipofika nikamkazia macho mwenzangu. Kilichonishtua ni sauti. Ngurumo ya povu ilibaki nyuma, na chini ya miguu nikasikia ubao ukichana maji, ssss, kama nguo inayopasuliwa polepole. Zilikuwa sekunde nne, labda tano. Nilikaa kwenye maji ya magotini kwa muda, nikiwa sitaki kumsemesha mtu.

Sasa lile lililonikera. Ufuo wetu, kama fuo nyingi, maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika kama 50. Ukipiga hesabu, Jumanne hii yakiwa yamejaa saa 11 jioni, Jumanne ijayo saa hiyo hiyo yamekupwa. Shule inaijua hesabu hiyo kuliko mimi, lakini ratiba yao haibadiliki. Maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa kupita kawaida, mawimbi yetu yanavunjika kwa kishindo pale pale ukingoni, hakuna nafasi ya anayejifunza. Katika vipindi 12, vitatu vilipotea hivyo: tulirudia mazoezi ya mchangani huku tukitazama bahari. Mwalimu mwenyewe alikuwa anaona aibu, na kosa si lake. Wangeweza kabisa kutupa Jumatano badala ya Alhamisi, au kusogeza kipindi kwa saa moja.

Nimewaeleza hayo kwa maandishi, wakajibu kwamba watalitazama. Bado nawapendekeza, kwa uangalifu wao majini na kwa mwalimu anayemuona kila mwanafunzi. Ila kabla ya kulipa, waombe jedwali la maji kujaa na kupwa, uliweke kando ya ratiba yao, uchague tarehe za kuanza. Mimi nimefanya hivyo kwa awamu ya pili. Jumanne ya kwanza maji yanaanza kupwa saa 9.