Jinja: tukarabati maduka ya zamani au tubomoe tujenge ghorofa?

Ukipita Main Street ya Jinja, Uganda, inua macho kidogo, juu ya maduka utaona majina ya Wahindi walioyajenga na miaka yenyewe, nyingi ya miaka ya 1920, imechorwa kwenye plasta. Wenyewe Rais Idi Amin aliwafukuza 1972, majengo yakabaki.

Sasa tangu Jinja iwe jiji 2020 kila mtu anataka ghorofa. Sawa, faida ipo, kiwanja kilekile kinabeba vyumba vingi vya kupangisha, pesa inarudi haraka, umeme na maji vyote vipya. Ila vyumba vyenyewe vidogo na kodi iko juu, yule fundi cherehani anayeshona pale barazani mvua ikinyesha bila kulowa atapelekwa wapi jamani?

Kukarabati ni polepole na kunataka fundi anayejua kazi, manake wengi wanapiga simenti juu ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, baada ya muda plasta inavimba inabanduka vipande vipande na mwenye nyumba anasema si mnaona jengo limechoka, libomolewe! Chokaa ingetosha, na mabati mapya.

Na wageni wanaokuja kuona Nile inakotokea ziwani wanatembea mjini kwa sababu ya hizo baraza, ghorofa za vioo wameshaziona Kampala. Mi nachagua ukarabati, ghorofa zijengwe viwanja vitupu vya pembeni.