Ununue Nini Ili Akiba Ibaki Mikononi Mwako? Chaguo Nne kwa Mpangilio wa Ubora

Mtu aliyepoteza imani na benki au serikali yake asianze kwa kuuliza faida itakuwa kiasi gani, bali aulize kwanza ni nani atakayeweza kumzuia kuigusa mali yake siku ya shida. Machi 2013 benki za Kupro zilifungwa kwa karibu wiki mbili, na katika benki kubwa kuliko zote nchini humo karibu nusu ya amana iliyozidi yuro 100,000 iligeuzwa kuwa hisa bila wenyewe kuulizwa. Miaka miwili baadaye Wagiriki waliruhusiwa kutoa yuro 60 tu kwa siku. Watu hao hawakuwa wamecheza kamari na fedha zao, na ndiyo maana nimezipanga chaguo hizi kwa kufuata swali hilo.

Ya kwanza ni sarafu za dhahabu zinazotolewa na serikali na kutambulika duniani kote, kama Krugerrand ya Afrika Kusini, Maple Leaf ya Kanada na Britannia ya Uingereza. Nunua za robo wakia na nusu wakia pamoja na chache za wakia nzima. Ndogo huwa ghali zaidi kwa kila gramu, lakini hukuwezesha kuuza kidogo bila kuvunja akiba yote. Usikubali kupokea sarafu kabla haijapimwa mbele yako. Krugerrand ya wakia moja ina gramu 31.1 za dhahabu safi, lakini kwenye mizani husoma takriban gramu 33.9, kwa kuwa ni ya karati 22 na imechanganywa na shaba. Uzito ukiwa sahihi, pima pia kipenyo na unene, maana metali nyepesi kuliko dhahabu haiwezi kufikisha uzito huo bila sarafu kunenepa. Tungsteni inakaribiana mno na dhahabu kwa msongamano, hivyo muuzaji makini atakuwa na kifaa cha kupima upitishaji wa umeme, na asiyetaka kukitumia mbele ya mteja aachwe. Vito siviweki hapa, kwa sababu gharama ya usonara hupotea unapouza. Dhahabu nayo ina udhaifu wake: bei yake ilishuka kwa zaidi ya nusu kati ya 1980 na 1999, na mwaka 1933 Marekani iliwaamuru raia wake waisalimishe, umiliki huru ukarudi mwishoni mwa 1974.

Ya pili, ambayo watu huidharau isivyostahili, ni akaunti za kawaida katika benki mbili au tatu, kila moja ikiwa na kiasi kisichozidi kikomo cha bima ya amana, yaani kiasi unachohakikishiwa kurudishiwa benki ikianguka. Huko Kupro waliokuwa chini ya yuro 100,000 hatimaye hawakukatwa, ingawa nao walisubiri milango ifunguliwe.

Kwa siku hizo za kusubiri, chaguo la tatu ni noti taslimu za matumizi ya miezi michache, katika fedha za nchi zaidi ya moja. Zisizidi hapo, kwa kuwa mfumuko wa bei huzila, na usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 India ilifuta uhalali wa noti zake za rupia 500 na 1,000.

Ya nne ni bitkoini, fedha ya kidijitali, ambayo funguo zake za siri ziko kwenye kifaa chako mwenyewe. Kwa uhuru wa kuvuka mpaka na mali hakuna inayoishinda, lakini mwaka 2022 pekee ilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, kwa hiyo iwe sehemu ndogo ya akiba. Nunua kifaa moja kwa moja kwa mtengenezaji, na kikifika na maneno ya siri, yale yanayomwezesha aliye nayo kuzichukua fedha, yakiwa tayari yameandikwa, usikitumie kamwe, kwani aliyeyaandika anasubiri uweke fedha. Maneno hayo, 12 au 24, yaandike kwa mkono na usiyapige picha. Kuiacha bitkoini kwenye soko la mtandaoni kunakurudisha kwenye tatizo ulilolikimbia: soko la FTX lilipofilisika Novemba 2022, wateja wake walibaki wakidai mahakamani.

Chochote utakachochagua, tunza stakabadhi na ukitangaze kwa kodi inavyotakiwa, kisha mweleze mrithi mmoja unayemwamini mahali kilipo na namna ya kukifikia.